Mikaja Miwili

Bi Somoe hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe, tena saa ya wateja, akasimama mlangoni pa duka la misumari na rangi la kina Hayat pale Mtoni, akasema bila hodi:

"Nimefuata mkaja wangu."

Mafundi waliokuwa wakipimiwa vanishi waligeuka wote. Hakuna asiyejua maana yake. Mkaja ni ile kanga anayopelekewa mama wa binti posa inapokubaliwa, kumshukuru kwa tumbo alilofunga baada ya kuzaa. Ukishapokelewa, maneno yamekwisha, yamebaki mapishi. Kuja kuudai dukani ni kama kumvua bibi harusi ushungi sokoni.

Hayat alikuwa juu ya ngazi anashusha kopo la rangi. Akabaki nalo mikononi, hashuki wala hapandi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Bi Somoe hakumtazama. "Maisa yuko wapi? Yeye ndiye aliyeupokea kwa niaba ya marehemu."

Maisa akatokea nyuma ya pazia, mikono ina unga. Wasichana hawa wawili walilelewa kama pacha, na mtaa mzima ulijua walivyofika hapo. Salha, mama yake Hayat, alifariki akimzaa. Abrar, mke wa baba yake mkubwa, alikuwa ndiyo kwanza amemzaa Maisa. Akakichukua na kile kichanga kingine, akawaweka mmoja huku, mmoja huku, akawanyonyesha mpaka wakaacha wenyewe. Mwaka uliopita Abrar naye akaenda, kwa saratani ya titi. Ilishamchukua mama yake mzazi, ikamchukua na mdogo wake.

"Kuna nini, mama?" Maisa akauliza.

"Kuna kwamba mmeonekana hospitali, upande wa saratani, wote wawili, mnatolewa damu. Mtu mzima wa afya anafuata nini kule?"

"Ni utafiti tu, mama. Wanachunguza koo zilizopata ugonjwa, wajue unavyorithiwa."

"Haya, umesema kwa mdomo wako. Koo za ugonjwa."

Nyuma ya Bi Somoe alikuwa amesimama mwanawe Suleiman, mchumba wa Hayat, vumbi la mbao kwenye nyusi, ametolewa karakana ya Keko anakochonga vitanda na milango, ameburutwa kama shahidi. Ndiye aliyekuwa anakuja duka hili kununua msasa, kila siku msasa, mpaka mafundi wenzake wakamuuliza kama anautafuna. Leo alikuwa hana cha kununua.

"Mama," akasema taratibu, "Bi Abrar hakumzaa Hayat. Alimnyonyesha tu."

"Tu?" Bi Somoe akamgeukia. "Umesoma chuo gani wewe? Ziwa ni damu! Walionyonya ziwa moja hawaoani, kama ndugu wa tumbo moja. Kama si damu, wamekatazwa kwa nini? Na huyu amelinyonya lilelile lililomuua mwenyewe. Mie nikuozeshe maiti?"

Hayat, pale juu ya ngazi, hakumtazama Bi Somoe. Alimtazama Suleiman. Akamngojea. Neno moja tu lingemtosha, hata lingekuwa bovu, hata kikohozi.

Suleiman akaangalia kandambili zake.

Basi. Hayat akaliweka kopo mahali pake, kwa upole, kama anayelaza mtoto. "Mpe mkaja wake, Maisa."

Maisa akaingia chumbani, akalifungua sanduku la chuma la marehemu, akautoa mkaja ukiwa bado umekunjwa, unanukia udi. Bi Somoe hakuupokea kwa mkono. Alitanua mfuko wa nailoni, akageuza uso pembeni. "Utie humo. Na hizo nguo za marehemu, ningekuwa nyie, ningezichoma."

Hayat hakulia siku ile. Aliendelea kupima misumari, akawazidishia wateja wote.

*

Siku ya majibu walitoka mapema, yeye na Maisa, hawakuambiana kitu njia nzima. Lakini kila mmoja alijua mwenzake anafikiria nini. Maisa aliogopa kufa. Hayat aliogopa kitu kingine, ambacho hata yeye alikiona kama wazimu. Hakutaka kuugua, nani anataka? Ila usiku alipolala alikuwa akijishika kifuani na kusema: kama ninao huo ugonjwa, basi ninao wa mama. Kama sina, mie ni mtoto wa nani?

Kwenye benchi la kungojea alikuwa ameketi Suleiman.

"Huyu anafanya nini hapa?" Hayat akamuuliza Maisa, kwa sauti ya kumfikia mwenyewe.

"Muulize. Midomo anayo."

"Hapana. Niliitazama siku ile, haikufunguka."

Suleiman akasimama. Amenyoa, amevaa shati la Ijumaa na leo si Ijumaa. "Hayat, nipe dakika moja."

"Una madakika mengi tu. Kaa nayo."

Mlango ukafunguliwa, daktari akawaita. Alikuwa mwanamke kijana aitwaye Noela, kwao Masasi, mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo la maana. Maisa akaingia, akarudi mlangoni, akamkonyeza Suleiman. "Shemeji, ingia. Nikizimia nani atanibeba? Huyu ananiangusha kwa makusudi."

Hayat akasonya. Lakini hakusema hapana.

Daktari Noela alivua miwani mapema kuliko walivyotaka.

"Kabla sijasema lolote, nina swali. Nyie mliniambia mama yenu, bibi yenu na mama yenu mdogo, wote walikufa kwa saratani ya titi. Nikawahesabu kama dada wa tumbo moja. Sasa maabara inaniambia kwa upande wa baba mnakutana, kwa upande wa mama hamkutani hata kidogo. Nani amekosea? Sie au nyie?"

Maisa akacheka, kicheko cha woga. "Daktari, huyu ni ndugu yangu wa ziwa. Baba zetu ndugu. Mama yake alifariki akimzaa, mama yangu akatunyonyesha wote."

"Jamani! Mbona hamkusema?"

"Ungeniuliza nani alinizaa, ningekwambia," Hayat akajibu. "Wewe uliniuliza mama yangu alikufa na nini."

Noela akaitika kwa kichwa, kama aliyekemewa kwa haki.

"Sawa. Basi nisikilizeni. Mwilini mna maelekezo, tunayaita jeni. Unayapata siku unapotungwa mimba, nusu ya baba, nusu ya mama. Jeni mnazozisikia sana ni zile za kutengeneza protini, yaani mali ghafi ya mwili. Lakini ziko nyingine hazitengenezi protini kabisa. Zinatoa uzi mwembamba uitwao RNA, na uzi ule kazi yake ni kuziamrisha zile nyingine: anza wewe, tulia wewe, imetosha. Zamani wataalamu walizidharau. Walidhani ni makapi."

"Kama mzee Romani, msimamizi wetu pale karakana," Suleiman akadakia. "Hashiki randa siku nzima. Ila asipokuja, kila mtu anakata mbao fupi."

"Ndiyo huyo." Noela akatabasamu. "Sasa katika jeni ya namna hiyo, watu tunatofautiana. Wengine wana herufi moja tofauti, wamezaliwa nayo. Ukikusanya wanawake wengi wenye ile herufi na wengi wasio nayo, unakuta wenye nayo wanaugua zaidi kidogo. Ndicho tunachokitafuta. Maisa, wewe unayo."

Maisa akaacha kucheka.

Hayat akaushika mkono wake. "Na mie?"

"Wewe huna."

Ajabu ya moyo. Neno ambalo mtu yeyote wa akili timamu angelifurahia lilimpiga Hayat kama kofi. Akafumba macho.

"Maisa, nitazame," Noela akaendelea. "Nimesema kidogo, na kidogo ni kidogo. Wengi wenye herufi hiyo wanazeeka, wanagombana na wajukuu. Zile jeni kubwa zinazojulikana kwa kumaliza koo, tumezitazama kwako, hazina kasoro. Kinachonifanya nikutake kila mwaka uje tukuangalie ni hao waliotangulia: mama, bibi na mama mdogo. Inawezekana kuna jambo ambalo bado hatujalijua. Ukija, tukikuta kitu kichanga, tunakitoa kikiwa kichanga. Mama yako alikuja na uvimbe wa siku nyingi, sivyo?"

"Alikuwa anauficha. Anaufunga kwa kanga."

"Wewe hutauficha. Hiyo tu inakutenga naye zaidi kuliko herufi yoyote."

Maisa akashusha pumzi ndefu, ikatoka na machozi, ikatoka na kicheko. "Kwa hiyo sifi?"

"Utakufa. Ila sina habari ya lini."

"Ah! Daktari wewe unafaa."

"Na maziwa?" Suleiman akauliza. "Aliyenyonya?"

"Maziwa hayabebi hili. Ziwa lilimpa Hayat afya na mama. Jeni za mama huyo halikumpa. Na wewe Hayat, kutokuwa na ile herufi si hirizi. Jichunguze kama mwanamke yeyote."

Hayat alikuwa bado amefumba macho. "Kwa hiyo," akasema kwa sauti ya mtoto, "sina chake hata kimoja."

Jibu lilitoka kwa Maisa, akampiga kiwiko cha mbavu. "Una ukorofi wake. Una gubu lake. Ukipika wali unaunguza ukoko kama yeye, kisha unasema ndiyo utamu. Huyu daktari hana mashine ya kuupima ukoko wako."

Hapo ndipo Hayat alipolia. Alilia kwa kelele, kichwa kwenye bega la ndugu yake, machozi yaliyokuwa yamekwama tangu siku ya mkaja.

*

Nje, kando ya ukuta wa hospitali, palikuwa na mkamua miwa. Maisa akaagiza glasi, akajitenga, akajifanya anashangaa mashine.

"Sema dakika yako," Hayat akasema.

Suleiman alikuwa ameiandaa njia nzima. Sasa hakuikuta. "Nilinyamaza kwa sababu niliogopa."

"Unamuogopa mama yako."

"Mama namheshimu. Niliogopa kitanda. Nilimuuguza baba. Saratani ya koo. Tulikuwa tunamnywesha uji kwa kijiko, unarudi. Mama alipotamka ule ugonjwa pale dukani, sikukuona wewe kwenye ngazi. Nilikuona umelala pale alipolala baba. Ulimi ukakauka. Sina uongo wa kukupamba."

"Basi ungeondoka moja kwa moja."

"Niliondoka. Nikaenda karakana, nikajaribu kukusahau kwa kazi. Nimeharibu mbao ya mninga ya mteja, ubao mzuri ajabu." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ndipo nikajua. Kukuuguza naogopa, kweli naogopa. Lakini nikimfikiria mtu mwingine anakuuguza, mie niko Keko napiga randa, hapo sikuogopa tena, nilitaka kuvunja vitu. Nimemwambia mama nitakuoa. Tangu hapo nalala karakana."

Hayat akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Macho mekundu, na mikwaruzo midogo ya patasi kwenye vidole, ile anayoifahamu. Moyo ukaanza ujinga wake wa zamani.

"Umesema hivyo leo, baada ya kusikia sina."

"Nilikuwa kwenye benchi kabla hujafika."

"Ulijua huenda ninao."

"Nilijua huenda unao."

"Na ungefanyaje?"

"Ningenunua msasa." Akaona hajaeleweka. "Ningekuja kila siku, Hayat. Mpaka unichoke."

Hayat akageuza uso asionekane anavyotabasamu, lakini shavu lilimsaliti. Suleiman akanyoosha mkono, hakumgusa, akauacha juu ya ukuta karibu na wake. Vidole vidogo viwili vikakutana. Waliokuwa wanangojea juisi hawakuona kitu.

"Nyie!" Maisa akapaza sauti. "Miwa imekwisha, mmebaki nyie tu wa kukamuliwa!"

*

Ijumaa baada ya swala, Bi Somoe alirudi Mtoni. Safari hii alipiga hodi barazani, amejitanda kanga mpya, uso unang'aa. Suleiman alikuwa nyuma yake, na alikuwa amemsimulia yote.

"Mwanangu Hayat!" Akataka kumkumbatia. "Alhamdulillahi! Nimeswali rakaa za shukrani. Kumbe hamna kitu! Kumbe yule hakuwa mama yako, tulikuwa tunajitia homa bure. Nimekuletea mkaja, tena doti mpya, wa marehemu Salha, mama yako mzazi. Upokee, yaishe."

Maisa, aliyekuwa anapanga vikombe vya kahawa, aliviacha. Suleiman akafumba macho kama aliyesikia kioo kinaanguka lakini hakijafika chini.

Hayat akapiga magoti, kwa adabu zote. Lakini mikono aliibakiza mapajani.

"Siupokei, mama."

"Unasemaje?"

"Juzi ulisema ziwa ni damu. Ulitaka kunikataa, ziwa likawa damu. Leo unataka kunichukua, ziwa limekuwa maji? Salha alinizaa, Mungu amrehemu, namwombea kila siku. Abrar alinilea. Nilipougua surua alinilaza tumboni kwake kama mbeleko imepindukia mbele. Kama nikija kwako kwa furaha kwamba Abrar hakuwa mama yangu, nitakuwa nimekuja bila mama. Sitaki. Nampenda mwanao, mama, shahidi Mungu. Lakini kwa bei hiyo, rudi naye."

Bi Somoe akamgeukia mwanawe amsaidie.

Na safari hii midomo ilifunguka. "Hayat amesema kweli, mama. Mie siku ile nilinyamaza, leo sinyamazi. Ukiondoka na mkaja huo, mie nabaki hapa barazani."

Bi Somoe akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya kopo kubwa la rangi. Aliponena tena, ile sauti ya kwenye shughuli ilikuwa haipo.

"Nyie mnaniona mkatili. Mie nimeuguza. Baba yake huyu nimemwosha kwa mikono hii, mtu aliyekuwa anabeba gogo peke yake, nikawa namgeuza kama mkeka. Hakunyonya kwa mtu. Hakuwa na ukoo wa ugonjwa. Uliingia tu, ukakaa. Nikaapa hautaingia kwangu tena. Nilikuwa natafuta mlango unakopitia, niuzibe. Nikaona mlango ni wewe."

"Daktari kasema hauna mlango mmoja, mama," Maisa akasema. "Mie ndiye mwenye ile herufi. Na nimeshapewa siku ya kurudi kuangaliwa. Kama unaogopa, niogope mie."

Bi Somoe alimtazama yule msichana, unga kwenye viwiko, kijiko cha kahawa mkononi, anayemwambia aogopwe. Kitu kikalegea usoni pake.

"Njoo hapa, wewe."

Maisa akasogea, akapiga magoti. Bi Somoe akauweka ule mkaja mapajani pa msichana. "Huu wa Salha. Mpokelee, maana Salha hana mwingine wa kumpokelea."

Kisha akapeleka mkono begani, akaivua kanga aliyojitanda, ile mpya, akabaki na kichwa wazi na mvi zake za kipilipili ambazo Suleiman mwenyewe alikuwa hajaziona siku nyingi. Akaikunja taratibu, mara ya pili, mara ya tatu, akaiweka juu ya ule wa kwanza.

"Na huu wa Abrar. Wa ziwa. Sikuja nao, nisameheni, nimeuvua mwilini. Yeye ndiye aliyekufunga tumboni, basi afungwe naye."

Hayat akainama mpaka paji la uso likagusa magoti ya mama mkwe wake. Bi Somoe akamwekea mkono kisogoni, akauacha hapo.

"Sasa mama," Maisa akasema huku anafuta pua kwa mgongo wa mkono, "utavukaje barabara hiyo kichwa wazi? Watu watasema tumekunyang'anya."

"Nitapita uchochoroni."

"Aka. Subiri."

Akaingia chumbani. Wakasikia sanduku la chuma likifunguliwa, na harufu ya udi ikatangulia kabla yake. Alirudi na kanga iliyofifia rangi, laini kwa kufuliwa, upindo mmoja umetatuka. Hakusema ni ya nani. Hakukuwa na haja.

Hayat akainua uso.

Bi Somoe aliitazama ile kanga. Akakumbuka mfuko wake wa nailoni, wakaona kwamba amekumbuka. Kisha akainamisha kichwa mbele ya Maisa, kama mtoto anayevishwa.

"Nitande vizuri," akasema. "Ukiniacha sikio nje, mtaa utanicheka."

Maisa akamtanda kanga ya mama yake. Wakaenda wote mpaka ukingoni mwa barabara kumsindikiza, na Bi Somoe akavuka polepole, mkono mmoja umeushika ule upindo uliotatuka usipeperuke.